Gobori na baruti yake: Jinsi ya kuchagua na kushindilia bila kuhatarisha maisha

GOBORI ni bunduki inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu. Baruti humiminwa kwanza, risasi hufuata, na vyote viwili hushindiliwa hadi chini kwa mdeki, yaani ule ufito mwembamba unaobebwa chini ya mtutu. Mwisho kabisa huwekwa kiwashio, na hapo ndipo silaha huwa tayari kufyatuliwa.

Maelezo hayo mafupi yanaficha jambo moja lenye uzito. Anayetumia bunduki ya kisasa hununua risasi ambayo baruti yake imechaguliwa, ikapimwa na kufungwa kiwandani. Anayetumia gobori hana kiwanda cha kumfanyia kazi hiyo. Yeye mwenyewe huchagua baruti, huipima na kuishindilia, na hurudia hivyo kwa kila mlio. Kosa lolote katika hatua hizo ni lake, na hulipwa kwa vidole, macho au uhai wake, au wa mtu aliyesimama kando yake.

Wapo wanaodhani kuwa haya ni mambo ya kale. Sivyo. Nchini Marekani, majimbo mengi hutenga msimu maalumu wa kuwinda kwa magobori, na chama cha kitaifa cha walengaji shabaha wa silaha hizo, NMLRA, kimekuwapo tangu 1933. Mashindano ya kimataifa nayo husimamiwa na shirikisho la MLAIC, lililoundwa 1971. Kanuni za usalama zinazofuatwa katika viwanja hivyo zimetokana na makosa ya watu wengi waliotangulia.

Kutoka mrao hadi fataki

Lugha ya Kiswahili imehifadhi historia ya silaha hizi katika majina yake. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa kamba iliyokuwa ikifuka moto polepole. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche za jiwe lililogonga chuma juu ya kisahani chenye baruti kidogo. Baadaye ikaja bunduki ya fataki, ambayo nyundo yake hugonga kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka, na moto wake ukapenya hadi kwenye baruti ndani ya mtutu. Asili ya fataki ni uvumbuzi wa kasisi wa Scotland, Alexander Forsyth, aliyepata hataza ya mtambo wake mnamo 1807.

Magobori yalisambaa Afrika Mashariki katika karne ya 19 kupitia biashara ya Zanzibar na misafara ya bara, na watawala kama Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki 1884, walijenga nguvu zao kwa silaha hizo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipopiga marufuku uingizaji wa silaha bora katika sehemu kubwa ya Afrika, uliacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Mataifa ya Ulaya yalijiwekea bunduki mpya. Mwafrika akaachiwa gobori. Ndiyo maana silaha hizi zingali zinapatikana katika makavazi na hata katika nyumba za baadhi ya familia.

Baruti nyeusi ni ipi?

Magobori yalibuniwa kwa baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa ya miti na salfa ambao Wachina waliujua zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Inapoungua, chini ya nusu ya uzito wake hugeuka kuwa gesi inayoisukuma risasi. Sehemu iliyobaki hutoka kama moshi mzito mweupe, au hubaki mtutuni kama masizi. Kwa hiyo shinikizo lake ni la wastani, na mafundi wa kale walitengeneza mitutu yao kulingana na shinikizo hilo.

Mnamo 1884, Mfaransa Paul Vieille alifaulu kutengeneza baruti isiyo na moshi. Hii ni kemikali tofauti kabisa. Karibu yote hugeuka kuwa gesi, na kadiri shinikizo linavyopanda ndani ya mtutu, ndivyo inavyozidi kuungua kwa kasi. Bunduki za kisasa zina chuma na komeo vinavyoweza kuhimili nguvu hizo. Gobori la kawaida halina.

Hivyo basi, kanuni ya kwanza haina mjadala: baruti isiyo na moshi haitiwi kamwe ndani ya gobori, iwe nyingi au kidogo, iwe peke yake au imechanganywa. Kipimo ambacho kingekuwa salama kwa baruti nyeusi huweza kuupasua mtutu kikiwa cha baruti ya kisasa. Yapo magobori machache ya kisasa yaliyobuniwa mahususi kwa baruti isiyo na moshi, lakini watengenezaji wake hutamka hivyo waziwazi katika maandishi. Pasipo tamko hilo, jibu ni hapana. Magobori mengi yanayotengenezwa leo huchongwa juu ya mtutu maneno yanayoagiza baruti nyeusi pekee.

Mtego mkubwa uko katika rangi. Baruti nyingi zisizo na moshi hupakwa grafaiti, na kwa sababu hiyo huwa za kijivu kilichoiva au nyeusi. Mtu anayeona chembe nyeusi akadhani amepata baruti nyeusi anaweza kuwa ameshika kifo mkononi. Haiwezekani kuitambua baruti kwa kuitazama, kuinusa wala kuipapasa. Kitambulisho pekee kinachoaminika ni lebo ya chombo chake cha asili kutoka kiwandani. Baruti iliyohamishiwa kwenye chupa au mkebe mwingine, au isiyojulikana ilikotoka, haifai kutumiwa. Ikabidhiwe maafisa wanaohusika ili waiharibu.

Ukubwa wa chembe

Baruti nyeusi huuzwa kwa madaraja yanayotofautiana kwa ukubwa wa chembe, na alama yake ni herufi F. Kadiri F zinavyoongezeka, ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo, na chembe ndogo huungua upesi zaidi na kupandisha shinikizo haraka.

Daraja la Fg lina chembe kubwa, nalo hutumika katika mizinga midogo na bunduki zenye mitutu mipana mno. FFg hufaa bunduki nyingi zenye kipenyo cha nusu inchi, yaani milimita 12.7, na kuendelea, pamoja na zile zinazotumia marisawa. FFFg ni ya bastola na bunduki zenye mtutu mwembamba kuliko huo. FFFFg ni laini kama unga, na kazi yake ni moja tu: kutiwa katika kisahani cha bunduki ya gumegume ili kudaka cheche. Haipaswi kutumiwa kama baruti kuu ndani ya mtutu.

Mgawanyo huo ni wa jumla. Kitabu cha mtengenezaji wa bunduki ndicho chenye kauli ya mwisho, kwani bunduki mbili zenye kipenyo kimoja zaweza kutofautiana katika unene wa chuma na aina ya risasi.

Baruti mbadala

Tangu miaka ya 1970 kumekuwa na baruti mbadala zilizobuniwa kufanya kazi ya baruti nyeusi. Iliyotangulia kupata umaarufu ni Pyrodex. Mvumbuzi wake, Mmarekani Dan Pawlak, aliangamia mwaka wa 1977 pamoja na baadhi ya wafanyakazi wake, kiwanda chao kilipolipuka katika jimbo la Washington. Ikiwa aliyeifahamu baruti hiyo kuliko mtu yeyote hakunusurika, asiyeifahamu hana sababu ya kujaribu kujitengenezea baruti nyumbani.

Baruti mbadala huhitaji joto kali zaidi kabla ya kushika moto. Jambo hilo hufanya uhifadhi na usafirishaji wake uwe na hatari ndogo kidogo, lakini pia huzifanya zisifae sana bunduki za gumegume, ambazo cheche zake ni hafifu. Mwenye bunduki ya gumegume hana budi kubaki na baruti nyeusi halisi.

Baadhi ya baruti mbadala huuzwa zikiwa vidonge vilivyokwisha kupimwa. Vidonge hivyo vimekusudiwa bunduki za kisasa ambazo kiwashio chake kiko moja kwa moja nyuma ya baruti, wala si kila gobori. Mwenye kuvitumia huvihesabu kila mara, kwa sababu kidonge kimoja cha ziada ni nyongeza kubwa kwa mkupuo mmoja.

Kipimo ni ujazo, si uzito

Baruti ya gobori hupimwa kwa greni, kizio cha zamani ambacho greni 15.4 ni sawa na takriban gramu moja. Hata hivyo, kipimo kinachotumika ni cha ujazo: kikopo kidogo cha shaba chenye mistari, ambacho kikijazwa baruti nyeusi hadi mstari fulani, kilichomo huwa na uzito wa karibu greni hizo.

Baruti mbadala hupimwa kwa kikopo hichohicho, na hapo ndipo wengi hukosea. Pyrodex ni nyepesi kuliko baruti nyeusi kwa takriban asilimia 30. Kikopo cha greni 100 kikijazwa Pyrodex, mizani itasoma karibu greni 70 tu, na hicho ndicho kipimo sahihi. Anayetumia mizani na kuongeza hadi 100 atakuwa amezidisha kwa karibu asilimia 40. Baruti nyingine, iitwayo Triple Seven, ina nguvu zaidi kwa ujazo uleule. Mtengenezaji wake huagiza ipunguzwe kwa asilimia 15 ili ilingane na baruti nyeusi. Palipoagizwa greni 100 za baruti nyeusi, Triple Seven huwa 85.

Kuongeza baruti hakumaanishi kuongeza ubora. Bunduki ya Springfield ya 1861, iliyobebwa na askari wengi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ilitumia greni 60 tu, chini ya gramu nne, kurusha risasi nzito ya zaidi ya gramu 30. Ukipita kipimo cha juu kilichowekwa na mtengenezaji, moshi na teke la bunduki huongezeka, shabaha huharibika, na chuma huchoka.

Hatua za kushindilia

Kwanza, hakikisha bunduki ni tupu. Mdeki huingizwa hadi chini ya mtutu na alama hutiwa pale unapokutana na mdomo. Alama ya pili hutiwa bunduki ikiwa imeshindiliwa sawasawa. Kwa alama hizo mbili mwenye bunduki atajua wakati wowote kama mtutu ni mtupu, umeshindiliwa mara moja, au umeshindiliwa mara mbili kwa kusahau.

Kusahau huko si jambo la kubuni. Baada ya mapigano ya Gettysburg ya Julai 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000, na kwa mujibu wa taarifa za maafisa wa silaha, takriban 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa. Maelfu ya hizo zilikuwa na mishindilio miwili au zaidi, moja juu ya nyingine. Askari walikuwa wameendelea kushindilia katikati ya kelele na hofu pasipo kugundua kwamba bunduki zao hazikuwa zikilia.

Pili, ondoa mafuta mtutuni kwa kitambaa kikavu. Kwa bunduki ya fataki, fataki moja au mbili hufyatuliwa bila baruti, mdomo ukielekezwa mahali salama, ili kukausha njia ya moto.

Tatu, mimina baruti kwa kikopo cha kupimia, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe au chupa ya baruti. Mlio uliotangulia huweza kuacha kaa dogo la moto ndani ya mtutu. Kaa hilo likiwasha baruti ya kikopo, mtu ataungua mkono. Likiwasha pembe nzima, pembe hiyo hugeuka bomu. Kwa sababu iyo hiyo uso na kifua hukaa kando ya mdomo wa mtutu, na chombo cha baruti hufunikwa na kuwekwa mbali kabla ya kuendelea.

Nne, weka risasi juu ya kitambaa chembamba kilichopakwa mafuta, kisha ishindilie hadi ikae imara juu ya baruti. Mdeki hushikwa sentimita chache tu juu ya mdomo na kusukumwa kidogo kidogo. Ukishikwa juu kabisa, mdeki wa mti huweza kuvunjika na ncha yake kupenya kiganja.

Hatua hii haina nusu. Risasi iliyokwama katikati na kuacha nafasi tupu kati yake na baruti huwa sawa na kizuizi ndani ya mtutu. Gesi hukusanya kasi katika nafasi hiyo, hugonga risasi iliyosimama, na mtutu huvimba au kupasuka mahali hapo. Mdeki usipofika kwenye alama ya pili, bunduki haipaswi kulipuliwa hadi risasi ishushwe au itolewe.

Tano, kiwashio ndicho cha mwisho. Fataki huwekwa, au kisahani hutiwa baruti, mlengaji akiwa amekwisha simama mahali pa kulenga na mtutu umeelekea shabaha. Gobori lililowekewa fataki halibebwi huku na huko.

Bunduki isipolia

Wakati mwingine nyundo hugonga na bunduki isilie. Kishawishi cha kuishusha na kuichungulia huwa kikubwa, na ndicho huleta maafa. Moto unaweza kuwa unatambaa polepole katika njia yenye masizi, na mlio ukaja sekunde kadhaa baadaye. Mlengaji hubaki ameelekeza mtutu kwenye shabaha kwa angalau dakika moja, ndipo aweke fataki mpya ajaribu tena. Ikishindikana, risasi huondolewa kwa vifaa maalumu vya kuivuta au kuisukuma kwa hewa, baada ya kutoa fataki. Kuichoma bunduki moto, au kutoboa mtutu ili kutoa kilichomo, ni kujitafutia mauti.

Uhifadhi na usafi

Baruti nyeusi hushika moto kwa cheche ndogo, na kwa hivyo sigara, majiko na taa za moto hazina nafasi karibu nayo. Vifaa vinavyoigusa huwa vya shaba au mti badala ya chuma kinachoweza kutoa cheche. Hukaa katika chombo chake cha kiwandani, mahali pakavu, pamefungwa kwa kufuli, mbali na watoto na mbali na fataki. Kuitia katika mtungi wa chuma uliozibwa imara ni kosa, kwani mtungi huo ukipata moto hulipuka.

Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu wa hewa na kukila chuma katika muda mfupi. Bunduki husafishwa siku hiyohiyo kwa maji moto na sabuni, hukaushwa vyema, kisha hupakwa mafuta. Mtutu ulioliwa na kutu si tatizo la sura tu. Ukuta wake umepungua unene, na kipimo kilichokuwa salama jana huenda kisiwe salama leo. Mitutu ya kale hukaguliwa na fundi mwenye ujuzi kabla ya kulipuliwa. Birmingham, Uingereza, imekuwa na nyumba rasmi ya kupima uimara wa mitutu tangu 1813.

Sheria nazo zina uzito wake. Marekani humruhusu mtu kuwa na hadi ratili 50 za baruti nyeusi ya kiwandani kwa michezo bila leseni ya serikali kuu, ilhali Uingereza humtaka mnunuzi awe na cheti cha vilipuzi. Nchini Kenya, silaha zinasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na vilipuzi na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku 1977. Bunduki zinazoundwa vichochoroni kwa mabomba ya maji, mfano wa zile ambazo polisi wa Tanzania wamekuwa wakiwapokonya majangili, si haramu tu bali pia hazijapimwa na yeyote. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili baruti ya aina yoyote.

Gobori la babu ukutani

Kwa wasomaji wengi, gobori watakalokutana nalo ni lile lililorithiwa au lililotundikwa ukutani kama pambo. Hilo nalo lisidharauliwe. Baruti nyeusi ikibaki kavu haiozi wala haiishi nguvu. Mnamo Januari 2013, waliokuwa wakisafisha mzinga wa kale katika bustani ya Central Park, New York, waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na tufe na karibu gramu 800 za baruti. Mzinga huo ulitoka kwenye meli ya kivita ya Uingereza, Hussar, iliyozama 1780. Kwa miaka mingi ulikuwa umetazamwa na umma bila mtu kushuku lolote, na ikabidi kikosi cha kutegua mabomu kiitwe. Mwaka wa 2008, katika jimbo la Virginia, mkusanyaji wa zana za kale hakuwa na bahati hiyo: kombora la vita vilivyokwisha 1865 lilimlipukia akilisafisha, na akafa.

Kila gobori la kale lichukuliwe kuwa limeshindiliwa mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Lisichezewe na watoto, lisisogezwe karibu na moto, na nyundo yake isivutwe kwa mzaha. Anayelipata alielekeze mdomo mahali pasipo na mtu, asijaribu kuondoa kilichomo, na awaarifu polisi au fundi mwenye leseni. Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini nyingi ya ajali za gobori zina kinga inayojulikana: baruti iliyo sahihi, kipimo kilicho sahihi, risasi iliyofika chini, na mtutu usioelekezwa kwa mtu.